Manyani Wangu na Kitambaa cha Mama

Malaba ni mji wenye mambo ya kutosha kumkosesha mtu wa Mungu usingizi. Kuna foleni ya malori inayoanzia mpakani na kuishia mahali ambapo hata madereva hawajui panaitwaje. Kuna mahindi yanayovuka bila karatasi, mafuta ya kupikia yanayovuka bila karatasi, na watu wasio na karatasi wanaoyavusha yote mawili mchana kweupe. Kuna vyumba vya kulala wageni ambamo hakuna mgeni anayelala. Lakini kanisa linalofadhili shule yetu lilipoketi kutafakari ni uovu gani unaotishia roho za vijana wa mpaka huu, lilipata jibu moja. Jibu hilo lilikuwa mimi, pamoja na mada ya mageuko katika kitabu cha Biolojia cha kidato cha nne.

Kitabu chenyewe kina adabu zake. Kinaanza na aya inayosema wapo wanaoamini kwamba uhai uliumbwa na Mungu. Kisha kinaingia kwenye visukuku, mifupa ya bawa la popo na ya mkono wa binadamu, hadi ule mchoro ambao kila aliyesoma anaukumbuka: viumbe wamepangwa mstari, wa kwanza ameinama kama anayetafuta shilingi iliyoanguka, wa mwisho amesimama wima na hana nguo. Nadhani shida yote ni mchoro huo. Yule wa mwisho angevalishwa suti na tai, nisingepata adui hata mmoja.

Mwalimu aliyenitangulia aliivuka mada hiyo kwa ustadi mkubwa. Alijaza ubao maandishi, akawageukia wanafunzi na kuwaambia, "Hii ni ya mtihani, si ya maisha. Andikeni, mpite, halafu msahau." Walimpenda sana. Alipohamishwa alifanyiwa sherehe na akaondoka na mbuzi.

Mimi nikaja na ugonjwa wangu wa kutaka watu waelewe. Wanafunzi wengi wa Malaba ni watoto wa wakulima na wafugaji. Ng'ombe wanamjua hadi ukoo wake, lakini samaki wanamjua akiwa kwenye sufuria. Mimi nimekulia Sio Port, kwenye mdomo wa mto, kwa hivyo niliwaletea mfano kutoka nyumbani: kamongo. Huyu ni samaki mwenye mapafu. Hutoa pua juu ya maji akavuta hewa kama mimi na wewe, na kinamasi kikikauka hujichimbia kwenye tope akalala humo mpaka mvua irudi. Niliwaambia hapo ndipo mnapoweza kuona jinsi kiumbe wa majini anavyoweza, vizazi kwa vizazi, kuanza safari ya kuja nchi kavu. Darasa lilinyamaza, na mwalimu yeyote atakwambia kwamba ukimya wa aina hiyo haununuliki.

Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono. "Madam, sasa unamaanisha sisi na nyani ni marelativu?"

"Ndiyo," nikasema, "lakini wa mbali. Kama wale mnaokutana nao matangani mkaanza kuulizana mlitokea kwa nani."

Walicheka sana, na mimi nikatoka darasani nikijipongeza. Kufikia jioni maneno yangu yalikuwa yamevuka kwenda Uganda, yamekunywa chai huko, na kurudi yakiwa yamenenepa. Nilikuwa nimesema babu yangu ni nyani. Nilikuwa nimesema Adamu alikuwa na mkia. Kwa mama anayeuza ndizi karibu na lango la shule, nilikuwa nimeapa kwamba hakuna Mungu. Vijana wa bodaboda, ambao ndio wanatheolojia wetu wakuu, walinisubiri stejini. "Madam, leo unapanda pikipiki ama unaruka kwa miti?" Nilipanda pikipiki.

Mwenyekiti wa bodi ya shule yetu ni pasta. Ndiye pia msimamizi wa makanisa yao yote kuanzia Malaba hadi ziwani, likiwemo lile dogo la Sio Port anakosali mama yangu. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, na hajawahi kukasirika mbele za watu, jambo linalochosha sana ukiwa wewe ndiye unayegombana naye. Aliniita ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwepo, ila alikuwa ameshughulika mno na kalamu yake.

"Mwalimu, mimi sikatai sayansi," pasta alianza. "Hata simu ni sayansi. Nakuomba tu kitu kimoja. Ukimaliza kufundisha hiyo maneno, ongeza line moja: waambie si kweli."

"Na mwalimu wa Hesabu akimaliza, naye aongeze?"

Mwalimu mkuu alikohoa.

"Wewe unaenda kanisa?" pasta akauliza.

"Kila Jumapili."

"Na unaamini Mungu?"

"Namwamini. Sijaona tu mahali amekataza mifupa."

Pasta alitabasamu, akafunga Biblia yake, akasema ataniombea. Kunifukuza hakuweza, kwa sababu mshahara wangu unatoka serikalini, si kwenye sadaka. Kwa hivyo alifanya kile anachofanya mtu yeyote wa huku akishindwa na mtoto: alimwendea mama.

Hapa lazima niseme mama yangu ni nani kwa watu wa Sio Port. Ni mjane anayeuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Mafuriko yakiwapiga watu wa Budalang'i, yeye ndiye huzunguka nyumba kwa nyumba akikusanya unga wa uji. Msiba ukitokea, sufuria kubwa hutoka kwake kabla maiti haijatoka mochari. Kwa miaka mingi alikuwa naibu wa mwenyekiti wa akina mama kanisani, maana yake alifanya kazi zote na mwingine akakaa mbele. Mwenyekiti huyo alipohamia Nairobi kwa watoto wake, akina mama walimchagua mama yangu bila hata kutafuta mgombea wa pili. Kilichobaki ni pasta kumfunga kile kitambaa cha zambarau kichwani mbele ya kanisa zima.

Mtu wa nje ataona ni kitambaa tu. Mimi nilimwona mama akisimama mbele ya kioo chake kilichopasuka, amejifunga taulo la kawaida kichwani, akigeuka kushoto na kulia kuona atakavyoonekana. Aliponiona mlangoni alidai anakausha nywele. Alikitaka kitambaa kile kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akitaka, na hajawahi kuwa mwanamke wa kutaka vitu.

Simu yake ilinifikia Malaba nikiwa nasahihisha majaribio. "Wewe mtoto, umesema nini huko?"

"Nimefundisha, Mama. Iko kwa silabasi."

"Pasta anasema unaambia watoto wa watu walitoka kwa manyani."

"Si hivyo hasa, Mama. Sisi na nyani tuna..."

"Sikiza. Mimi niliumbwa. Baba yako, Mungu amrehemu, aliumbwa. Wewe kama hukuumbwa, basi sijui nilikuwa nabeba nini kwa tumbo."

Alisema pasta na wazee wawili wa kanisa wangekuja nyumbani Jumamosi kuzungumza kabla ya siku ya kitambaa, na kwamba nilitakiwa kuwepo, nimevaa vizuri, na mdomo wangu niuache Malaba. Mambo mawili ya kwanza niliyaweza.

Sasa kuhusu chakula. Mgeni wa kanisa huku huchinjiwa kuku, na pasta wetu amekula kuku katika kila boma kati ya Busia na ziwa, kiasi kwamba nadhani majogoo wakisikia mlio wa gari lake huandika wosia. Mke wa ndugu yangu aliona aibu kurudia kitu kilekile. Kwao ni Budalang'i, na kwao mgeni wa heshima kabisa hupikiwa kamongo aliyekaushwa kwa moshi na kuchemshwa taratibu kwenye rojo la karanga. Alitafuta kamongo mzuri, akampika tangu asubuhi, na nyumba nzima ikanukia. Kosa lake lilikuwa dogo. Huku kwetu, kabla ya kumwekea mtu samaki huyo mezani, unamuuliza ukoo wake, kwa sababu ziko koo zisizomla. Lakini mgeni alikuwa pasta. Wifi yangu alidhani wokovu humtoa mtu kwenye ukoo.

Wageni walinawa mikono. Pasta aliombea chakula kwa urefu unaostahili cheo chake, akamshukuru Muumba aliyempa mwanadamu utawala juu ya samaki wa baharini na ndege wa angani. Alipofumbua macho, alitazama sahani.

"Hii ni nini?"

"Ni kamongo, Pasta," wifi akasema kwa fahari.

Pasta aliisukuma sahani pole pole mpaka katikati ya meza, kisha akaficha mikono chini ya meza kama mtoto aliyekatazwa kitu.

"Ni tumbo linasumbua?" mzee mmoja akauliza.

"Si tumbo. Mnisamehe, Mama. Sisi kwetu hii hatukuli." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Baba yangu alitoka ng'ambo, Uganda. Huyu ni wa ukoo wetu. Wazee walituambia tulitoka pamoja na yeye. Mtu hawezi kukula ndugu yake."

Mama aliinuka papo hapo. Aliishika sahani kwa mikono miwili, akaifunika kwa kitambaa safi, na kusema kwa unyenyekevu ambao haukuwa na chembe ya mzaha, "Tusamehe, Pasta. Hatukujua ni wenu." Mzee wa pili akamwambia pasta pole. Pasta akasema asante. Wote walikuwa wanasema kweli, na hakuna aliyeona ajabu yoyote.

Mimi nilijaribu, Mungu ananiona. Nilihesabu kuku waliokuwa uani. Nilitazama kalenda ukutani. Nilijiuma ulimi mpaka ukauma.

"Pasta," nikasema, "huyo ndugu yako ana mapafu. Ndiye niliyewafundisha watoto."

"Nyamaza," mama akasema kutoka mlangoni.

"Nauliza tu, Mama. Mimi nikisema nyani ni jamaa yetu wa mbali, nimemtukana Mungu. Pasta akisema kamongo ni ndugu yake wa tumbo moja, tunamwambia pole na kumchinjia kuku. Nataka nijue ni undugu gani unaruhusiwa, nisikosee tena darasani."

Ndugu yangu alitoka nje haraka akidai anaenda kumfunga mbwa. Hatuna mbwa. Wazee walitazama sakafu. Pasta alipojibu hakupaza sauti.

"Yangu ni mila, mwalimu. Yako ni mafundisho."

Lazima niwe mkweli: halikuwa jibu baya. Nililifikiria siku nyingi nikitafuta la kulijibu. Lakini yeye hakusubiri. Alisema alikuja kwa nia ya kuomba tu mama azungumze nami kwa upole, lakini sasa ameona ugonjwa umefika mbali. Mama wa akina mama wote hawezi kuwa mtu ambaye nyumbani kwake neno la Mungu linachekwa mezani. Kwa hivyo Jumapili, kabla ya kitambaa kufungwa, mimi ningesimama mbele ya kanisa niseme niliyofundisha ni uongo na kwamba nimetubu. Nisiposimama, kitambaa kingempata mwingine.

Halafu akaletewa kuku, akala.

Wapo watakaosema ningenyamaza. Ningeweza kunyamaza kama ningekuwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine angekuwa na mbuzi leo. Lakini wageni walipoondoka niliingia jikoni nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda, sahani ya kamongo magotini, bado imefunikwa. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya. Niliumia kuona vile alivyokaa, nikamchukia pasta, nikakichukia kitambaa, nikamchukia hata yule samaki.

"Nitasimama, Mama," nikasema. "Nitasema wanavyotaka."

Mama alimwita wifi awapelekee wenye njaa chakula kile, akaenda kuanua omena zake kabla ya umande.

Nilijiambia ni maneno tu. Watu husema uongo mkubwa zaidi pale mpakani kila siku na kugongewa mhuri. Nilijiambia wanafunzi wangu wasingejua, ingawa nilijua fika kwamba wangejua kabla sijafika Malaba, na kwamba yule msichana wa mstari wa mbele angeinua mkono na kuniuliza lipi aandike kwenye mtihani. Nilijiambia mifupa ya popo haitabadilika kwa sababu mimi nimeikana Sio Port. Yote hayo yalikuwa na akili, na hakuna hata moja nililoliamini.

Jumapili kanisa lilijaa. Akina mama walikuwa wamevaa sare zao, nyeupe na zambarau, na upepo wa ziwani ulileta harufu ya omena zilizoanikwa mpaka madhabahuni, kama kawaida. Kitambaa kilikuwa juu ya meza, kimekunjwa. Mama aliitwa mbele. Alikuwa amepiga pasi sare yake mpaka mikunjo ikasimama.

"Kabla hatujaendelea," pasta akasema kwa upole wake, "binti wa mama yetu ana neno kidogo kwa kanisa."

Nilisimama. Sentensi nilikuwa nimeikariri, fupi, nikaimeza na kuirudisha mdomoni.

"Kaa chini," mama akasema.

Alikuwa ananiambia mimi, si pasta. Nilibaki nimesimama kwa sababu sikuelewa. Akarudia, kwa ile sauti aliyokuwa akitumia nilipokuwa mdogo nikikaribia maji, na miguu yangu ikakaa yenyewe. Kisha akaichukua maikrofoni mkononi mwa pasta, na pasta, kwa mshangao, akaiachilia.

"Pasta, na nyinyi nyote," alisema. "Mimi naamini Mungu aliumba dunia kwa siku sita, ya saba akapumzika. Hapo hakuna mtu atanitoa, hata huyu mtoto. Tumebishana na yeye mpaka nimechoka. Lakini huyu nilimsomesha na omena. Nilianika, mvua ikanyesha, nikaanua, nikaanika tena. Watu waliniambia msichana hasomeshwi hivyo, nikaanika tu." Aliihamishia maikrofoni mkono wa pili. "Sikumsomesha ndio aje asimame hapa mbele yenu aseme hakusoma."

Mama alikichukua kile kitambaa mezani. Alikipitisha kidole pindoni, pole pole, upande mmoja hadi mwingine, kisha akakiweka mikononi mwa pasta.

"Mpatie mwingine. Chakula nitapika tu."

Akarudi kukaa mahali pake pa siku zote. Kitambaa alifungwa mwanamke mwingine, mtu mzuri, aliyelia wakati wote akifungwa na kumtazama mama kana kwamba anaomba ruhusa. Mama alimpigia makofi, tena kwa nguvu kuliko wote. Mimi nililia hadharani, na leso sikuwa nayo.

Nyumbani tulikaa mezani, sisi wawili na ugali. Nilimwambia angeniacha niseme, ilikuwa sentensi moja tu.

"Ungesema uongo kanisani?"

"Ningesema kwa ajili yako."

"Mimi nilikuomba?" Alikata ugali kwa mwiko akanisogezea upande mkubwa. "Na usifikiri nimekubali hao manyani wako. Kwa hii nyumba, tuliumbwa."

Kichwa chake kilikuwa wazi, mvi zake zote nje. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, lakini nimezoea maneno makali tu, na mazuri hayakuja. Yeye alishayafumba macho na kunyoosha mikono juu ya chakula.

"Mungu uliyemfinyanga Adamu kwa udongo," aliomba, "bariki chakula hiki. Mlinde huyu mtoto wangu na hicho kiburi chake. Na wale wanafunzi wake, Baba, wasaidie waandike vizuri yale mambo ya manyani, wapite wote."

Nikasema amina kwa sauti, na sikuwa na neno lolote la kuongeza.